Maswali ya Wasomaji: Kisiki cha Mwembe, Boriti za Mkoko na Mvua za Zamani

Tangu pepo za kusi zilipoangusha miti kadhaa huku Pemba, safu hii imepokea barua zinazouliza jambo moja kwa njia tofauti: je, michirizi ya duara inayoonekana kwenye kisiki inaweza kutueleza umri wa mti na hali ya mvua za zamani? Nimechagua barua nne. Zimefupishwa, na majina ya waandishi yamehifadhiwa.

*Assalamu alaykum Maalim. Mwembe uliopandwa na marehemu babu yetu hapa Konde umeanguka. Mjukuu wangu wa sekondari amehesabu duara kwenye kisiki akapata 71. Babu alifariki mwaka 1949, na sasa ndugu yetu mmoja ameishika hesabu hiyo, anadai kuwa mwembe ulipandwa baadaye na baba yake, kwa hiyo shamba ni lao. Tunataka kulipeleka suala kwa sheha. Je, hesabu ya mtoto ni ushahidi? Nakutumia kipande cha gogo.* (Bibi, Konde)

Wa alaykumu ssalaam, bibi. Hesabu hiyo msiipeleke kwa sheha, wala nyinyi wala huyo ndugu yenu, na nitakueleza sababu kwa kirefu kwa kuwa majibu ya barua zote zilizofuata yamejengwa juu yake.

Chini ya gome la mti pana utando mwembamba ulio hai unaoitwa kambiamu, ambao kazi yake ni kuzalisha mbao mpya kwa upande wa ndani na gome jipya kwa upande wa nje, ndiyo maana mbao kongwe kabisa iko katikati na mbao changa kabisa iko karibu na gome. Katika nchi za baridi utando huo hulala wakati wa majira ya baridi. Majani yanapochipua upya, mti hutoa mbao nyepesi yenye matundu makubwa ya kupitishia maji. Siku za joto zinapokaribia kwisha hutoa mbao iliyobanana na yenye rangi ya giza, kisha hulala tena. Mpaka kati ya ile ya giza na ile nyepesi inayofuata ndio tunaouita pete, na kwa kuwa baridi huja mara moja tu kwa mwaka, pete moja huko huhesabiwa kuwa mwaka mmoja. Kinachoandika mstari, basi, si mwaka wenyewe bali ni ule usingizi wa mti.

Sasa sisi hapa baridi hatunayo. Tuna masika kuanzia Machi hadi Mei, tuna vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba, tuna kiangazi kikali cha Januari na Februari wakati wa kaskazi, na katikati ya mwaka tuna kipupwe, ambacho nacho hakikosi mvua ndogo ndogo za mchoo. Mti unaotegemea ukame ili upumzike unaweza kupumzika mara mbili kwa mwaka mmoja ikiwa vipindi vyote viwili vya ukavu ni vikali, na unaweza usipumzike kabisa katika mwaka ambao mvua hazikukatika. Mwembe una tabia yake zaidi ya hapo: hauchipui mara moja, huchipua kwa mikupuo, tawi hili leo na tawi lile baada ya miezi miwili, na kila aliyewahi kukaa chini ya mwembe ameona upande mmoja una majani mekundu machanga na upande mwingine majani ya kijani yaliyokomaa. Mti wa namna hiyo haumpi mhesabuji mstari ulionyooka.

Kipande ulichonitumia, kilichofungwa kwa gunia, nilikipeleka kwa seremala jirani yangu. Tulikipiga randa, kisha msasa wa namba 80, halafu 120, 240 na mwisho 400, mpaka uso wake ukateleza kama sahani. Baada ya hapo nilikipaka maji kwa kidole nikakiangalia kwa lenzi. Kutoka kiini kuelekea upande mmoja nilihesabu michirizi 83. Kuelekea upande wa pili nilipata 58. Siku ya pili nilirudia upande ule wa kwanza nikapata 77, kwa sababu baadhi ya michirizi niliyoihesabu jana nilipoifuata kwa penseli niliona inakatika njiani na haizunguki shina zima. Mjukuu wako hana kosa. 71 yake ni nzuri kama yoyote kati ya zangu, na hilo ndilo tatizo.

Ipo njia moja ambayo ingeweza kusaidia, nayo imetokana na jambo baya. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya nyuklia angani kwa majaribio, na milipuko hiyo iliongeza sana kiasi cha kaboni-14, yaani kaboni yenye mnururisho, katika hewa ya dunia nzima, mpaka ulipotiwa saini mkataba wa 1963 wa kuzuia majaribio ya angani, na kiwango kikaanza kushuka katika miaka iliyofuata. Kila mti uliokuwa hai wakati huo uliivuta hewa hiyo ukaifungia ndani ya mbao yake. Kwa hiyo maabara ikichukua vipande vidogo kutoka kiini hadi kwenye gome, inaweza kuonyesha ni wapi ndani ya shina ilipo mbao ya katikati ya miaka ya 1950. Mbao iliyo ndani ya alama hiyo ikiwa ni nene, kwa mfano unene wa paja la mtu mzima, itabidi mkubali kwamba mwembe ulikwishakuwa mti mkubwa wakati huo; ikiwa ni nene kama kidole, madai ya ndugu yenu yana nguvu. Gharama ya vipimo hivyo itazidi thamani ya mbao yote ya mwembe. Ila ugomvi wa shamba, wenyewe mnaujua, watu hawaupimi kwa bei ya mbao.

*Maalim, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Chake Chake. Mwalimu alisema mnazi hauna pete. Kwa nini? Na mbuyu je?* (Msomaji mdogo)

Mwanangu, mwalimu wako amesema kweli. Mnazi uko karibu zaidi na majani na mianzi kuliko na mwembe. Hauna kambiamu, na shina lake halinenepi kila mwaka kwa kuongezewa tabaka la nje. Ukiukata utaona nyuzi za giza zilizotawanyika kama vitone, nyingi zaidi karibu na ukingo. Badala ya pete una makovu ya makuti kwa nje. Mnazi mrefu wa kwetu ulio na afya hutoa na kuangusha makuti kiasi cha 12 hadi 14 kwa mwaka, kwa hiyo ukihesabu makovu toka chini hadi kileleni na kugawa kwa 13 utapata makisio, kisha uongeze miaka michache ya utoto wake kabla shina halijatokeza juu ya ardhi.

Mbuyu una michirizi, lakini ni hafifu na haiaminiki, na mibuyu mikubwa huwa na uwazi tumboni, ambako ndiko ilikopaswa kuwepo mbao kongwe. Wataalamu huipima kwa kaboni-14. Mbuyu mmoja wa Zimbabwe ulioitwa Panke, uliokufa mwaka 2011, ulikadiriwa kwa njia hiyo kuwa na umri wa miaka ipatayo 2,450.

*Kwako Maalim. Mimi ni fundi wa majengo, Mji Mkongwe. Tulipofumua dari ya nyumba moja tulitoa boriti za mkoko ambazo bado ni ngumu kama chuma. Nimekata kichwa cha moja nikaona mikanda ya rangi mbili inayopishana. Je, ni miaka? Na je, zinaweza kutuambia nyumba ilijengwa lini? Nauliza pia kuhusu milango ya msaji.* (Fundi, Unguja)

Fundi, barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu umeshika mti ambao hasa ndio wenye la kusema katika pwani yetu.

Kwanza uhakikishe kuwa ni mkoko wenyewe. Watu wa mjini huita kila mti wa kwenye tope la bahari mkoko, ilhali wakata miti wanajua kutofautisha mkoko, mkandaa, muia, mchu, mlilana na mkomafi, na tofauti hiyo hapa ndiyo kila kitu. Huko Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, upande wa pili wa mkondo wa Pemba, watafiti walichunguza mkoko ambao kitaalamu unaitwa Rhizophora mucronata, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Waligundua kwamba mkoko hauna mpaka mkali kama wa miti ya nchi za baridi. Una mikanda inayoyeyukiana. Wakati wa mvua mti hutoa mbao yenye matundu machache ya maji, na wakati wa ukame hutoa mbao yenye matundu mengi. Walipolinganisha na miti ambayo umri wake ulijulikana, mikanda miwili, mmoja wa mvua na mmoja wa ukame, ilikuwa ni sawa na mwaka mmoja. Pwani ile ina masika na vuli kama yetu, na hata hivyo mkoko haukuandika mara mbili kwa mwaka. Hilo linatutia moyo sisi wa ng'ambo ya pili.

Sababu ya matundu kuwa mengi wakati wa ukame ni ya kuvutia. Mkoko husimama ndani ya maji ya chumvi, na mvua zikikatika chumvi ya tope huzidi, hivyo mti hulazimika kuyavuta maji kwa nguvu kubwa zaidi. Uzi wa maji unaovutwa kwa nguvu ndani ya shina unaweza kukatika kwa kuingiwa na kipovu cha hewa, na tundu likishaingiwa na kipovu halipitishi maji tena. Mti wenye matundu mengi ukipoteza machache hauumii sana. Kwa hiyo ule mkanda uliouona kwenye kichwa cha boriti ni kumbukumbu ya chumvi na kiu.

Lakini kama moja ya vipande vyako ni mchu, usihesabu chochote. Mchu nao una duara nzuri sana, wazi kuliko za mkoko, zinazomshawishi mtu kuhesabu. Mti huo hauna kambiamu moja inayoendelea. Huunda kambiamu mpya moja baada ya nyingine kuelekea nje, kila moja ikiacha tabaka lake, na matabaka hayo hayaendani na miaka. Ninavyoona mimi, mchu ndio mti mdanganyifu kuliko yote ya pwani, na unadanganya kwa uso mzuri.

Sasa swali la nyumba. Boriti ina sifa moja ambayo ubao hauna: huachwa mviringo, hutolewa gome tu. Mbao ya mwisho iliyoota kabla ya shoka kuingia bado ipo kwenye ukingo, na kwa hiyo mwaka wa kukatwa haujapotea. Ugumu uko kwingine. Mwaka huo wa mwisho utaujuaje kuwa ni 1850 na si 1880? Njia iliyotumika Marekani ni ya kuunganisha. Mwananyota A. E. Douglass, aliyeanza kwa kutaka kujua habari za madoa ya jua, aligundua kwamba miti ya eneo moja huandika mfuatano uleule wa pete pana na nyembamba, kwa kuwa ukame unapokuja hauchagui mti. Akaanza na miti hai ambayo mwaka wake wa mwisho unajulikana, akaifananisha na boriti za nyumba kuukuu ambazo miaka yao ya mwisho ilipishana na miaka ya mwanzo ya ile miti hai, akaendelea kurudi nyuma hivyo hivyo, na mwaka 1929 kipande kimoja cha boriti kilichoungua, kilichopatikana Show Low huko Arizona, kiliziba pengo lililobakia, na magofu mengi ya watu wa kale wa huko yakapata tarehe kwa pamoja.

Kwa boriti zetu kazi hiyo ni ngumu kwa sababu tatu, ambazo nakutajia bila ya kukukatisha tamaa. Boriti ni mti mwembamba, wenye miongo michache tu ya maisha, na mfuatano mfupi ni rahisi kuufananisha kimakosa. Mipaka ya mikanda ya mkoko imefifia, kwa hiyo upana wake haupimiki kwa urahisi. Na ya tatu, boriti zilikuwa bidhaa. Zilipakiwa majahazini toka Rufiji na Lamu zikapelekwa huku na kule mpaka Uarabuni, na upana wa vyumba vya nyumba nyingi za pwani hii ulifuata urefu wa boriti. Iliyokaa juu ya dari ya Shangani inawezekana iliota katika tope la Rufiji, na mvua iliyoandika ni ya huko.

Kwa milango jambo hili limezidi. Msaji ni shahidi mzuri mno: hupukutisha majani wakati wa ukame, na kila mwaka huanza na safu ya matundu makubwa yanayoonekana hata kwa macho makavu. Huko Java, kisiwa cha Indonesia, mwaka 1931 mtafiti Berlage alichapisha mfuatano wa pete za msaji ulioanzia mwaka 1514 hadi 1929. Ila msaji wa milango mingi ya zamani ya Unguja ulivuka bahari toka upande wa Bara Hindi. Ukiusoma utapata khabari za monsuni ya watu wengine. Tena seremala alipopiga randa ubao wa mlango aliondoa mbao ya nje, na pamoja nayo mwaka wa kukatwa, kwa hiyo hata ukifanikiwa utaweza kusema tu kwamba mti ulikatwa baada ya mwaka fulani. Ushauri wangu ni kwamba uweke vichwa vya boriti na uachane na milango, ambayo kwa vyovyote hakuna mwenye nyumba atakayekuruhusu kuikata.

*Maalim, nasoma chuo kikuu Unguja, ingawa kwetu ni Makangale. Ikiwa miti yetu ni migumu kusomeka, tutajuaje hali ya hewa ya miaka 200 iliyopita huku kwetu? Na je, pete zinaweza kutumika kujua jinsi msitu wa Ngezi unavyokua?* (Mwanafunzi)

Ndugu mwanafunzi, umeuliza maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, nami nashukuru umeyatenganisha.

Kuhusu hali ya hewa, shahidi wa karibu kabisa hakupatikana msituni, alipatikana baharini. Tumbawe kubwa hujijenga kwa matabaka ya kila mwaka kama mti, na huko Malindi, Kenya, lilitobolewa tumbawe moja lililotoa kumbukumbu ya joto la bahari ya miaka 194, kuanzia mwaka 1801 hadi 1994. Kwa upande wa miti, Zimbabwe wamefanikiwa kwa mninga, ambao hupumzika mara moja tu kwa mwaka kwa kuwa wao wana msimu mmoja wa mvua, na kwa pete zake wakarudisha khabari za mvua hadi mwishoni mwa karne ya 18. Iwapo kuna mti wa visiwani hauna mstari wa kuonekana, bado haujawa bubu: oksijeni iliyofungwa ndani ya mbao hutofautiana kidogo kwa uzito kufuatana na mvua na ukame, na maabara inaweza kupima kupanda na kushuka kwake kutoka kiini hadi gome hata kama jicho halioni kitu.

Mtu atakayeanza kazi hiyo kwa mikoko ya Unguja au Pemba ningemwambia atafute kwanza vuli ya 1961. Mvua za mwaka ule zilipita kiasi katika Afrika Mashariki yote, mpaka Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Vuli ya 1997 nayo ilikuwa ya namna yake. Mti wa pwani hii ambao hauonyeshi chochote katika miaka hiyo sidhani kama unafaa kuulizwa kuhusu miaka mingine.

Kuhusu ukuaji wa msitu, hapo pete hazidaiwi usahihi mkubwa hivyo, na ndiyo maana nina matumaini zaidi. Mti mchanga ulio chini ya kivuli cha wakubwa huandika pete nyembamba mno, mwaka baada ya mwaka. Siku jirani mkubwa akianguka, mwanga huingia, na pete hupanuka ghafla. Ukiona upanuzi huo katika miti mingi kwa wakati mmoja, ujue palitokea jambo: upepo, au shoka. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ilhali Pemba ilisalimika, jambo lililokipa kisiwa chetu nafasi ya mbele katika karafuu ambayo hakijaiachia hadi leo. Msitu wowote uliopigwa na upepo ule na ukawa na mti wa kusomeka uliosalia, alama yake itakuwemo ndani.

Kwa Ngezi ningeanza na mvule, kwa kuwa hupukutisha majani na kwa hiyo unapumzika. Usiende na msumeno. Ipo keekee maalumu yenye uwazi ndani, inayozungushwa kwa mkono mpaka kwenye kiini na kutoa kijiti chembamba kiasi cha milimita 5, chenye pete zote, huku mti ukiendelea kuishi. Hata hivyo tundu ni jeraha na linaweza kuingiza kuvu, na msitu ule ni wa hifadhi, hivyo kibali cha idara ya misitu kitangulie. Kabla hata ya keekee, zipo njia mbili za kujua kama mvule wa hapo huandika mara moja au mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni kuufunga mshipi wa chuma wenye springi inayotanuka kadiri shina linavyonenepa, na kusoma kipimo kila wiki kuanzia masika moja hadi nyingine. Ya pili, aliyoieneza Mfaransa Mariaux katika Afrika tangu miaka ya 1960, ni kukata kidirisha kidogo kwenye gome hadi kwenye kambiamu, mwezi na mwaka ukaandikwa, kisha kurejea kila mwaka na kukata kingine pembeni. Mti utakapoanguka utahesabu ni mistari mingapi imeota kati ya kovu na kovu. Inataka subira ya miaka mitatu au minne, na shahada yako ni ya miaka mitatu, kwa hiyo zungumza na msimamizi wako mapema.

Kwa wale walioniuliza namna ya kuhifadhi kipande cha mti ulioanguka: kateni bamba la unene wa vidole vitatu, mahali palipo juu ya mizizi lakini chini ya tawi la kwanza, na msitoe gome. Likaushwe kivulini kwa wiki kadhaa, kwa sababu juani litapasuka kutoka kiini. Nyuma yake andikeni kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, jina la mti kama wanavyouita wenyeji, kijiji, upande uliokuwa ukielekea kibla, na tarehe ulioanguka. Bibi wa Konde, chako hakikuwa na tarehe. Nimeiandika kwa kukisia kutokana na barua yako, naomba uithibitishe.